Jua la Uani na Mishipa ya Damu ya Mwenye Kisukari

MIONGONI mwa mambo yanayozungumzwa sana siku hizi katika baraza za misikiti yetu, kabla ya sala na baada ya sala, ni habari ya vitamini D. Zamani jina hili tulilisikia kliniki ya watoto tu, pale mama alipoambiwa amtoe mwanawe juani asije akapata matege. Leo linatajwa na watu wazima, na hasa wenye kisukari, kwa kuwa wameambiwa kwamba vitamini hii huzibua mishipa ya damu, huzuia kiharusi na humwondolea mtu haja ya dawa za kila siku. Chupa zake huuzwa madukani, hutembezwa mitaani, na hata hupangwa juu ya meza nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa.

Sisi tunaoandika kumbukumbu za kamati ya msikiti tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Daftari letu la maombi ya misaada limejaa maradhi kuliko linavyojaa njaa. Huyu amekatwa mguu, yule figo zimechoka, na mwingine ni baba wa familia aliyelazwa kitandani na kiharusi, watoto wakarudishwa shule kwa kukosa michango. Ukifuatilia chanzo cha misiba hiyo, mara nyingi utakuta neno moja, nalo ni kisukari. Na ukiuliza kisukari kilipita njia gani hadi kikafika mguuni, figoni na kwenye ubongo, utaambiwa kilipita katika mishipa ya damu.

Kwa hiyo swali tunaloliuliza si dogo. Je, ni kweli kwamba vitamini D humkinga mwenye kisukari na maradhi ya mishipa? Na familia yenye kipato kidogo, ikilazimika kuchagua, iweke wapi fedha yake?

Maradhi huanza na sukari, huishia mishipani

Mtu mwenye kisukari hupimwa sukari kila anapokwenda kliniki, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba adui yake ni sukari peke yake. Kumbe wenye kisukari cha aina ya pili huuawa zaidi na maradhi ya moyo na mishipa ya damu kuliko na jambo jingine lolote.

Tuutazame mshipa wenyewe. Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini, ina utando laini upande wa ndani, na damu huteleza juu yake bila kunata. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, ikasaidiwa na shinikizo la damu na moshi wa sigara, utando ule huharibika na kupoteza ulaini wake. Kolesteroli hupenya chini yake. Hapo chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni ulinzi, hukimbilia mahali pale kama majirani wanavyokimbilia nyumba inayoungua. Hunata ukutani, huingia ndani na huanza kuila ile kolesteroli. Tatizo ni kwamba hula kupita kiasi. Hujaa mafuta hata zikitazamwa kwa hadubini huonekana kama povu, ndiyo maana wataalamu wakaziita chembe za povu. Zikifa, mabaki yake hubaki palepale.

Mwaka baada ya mwaka ukuta hunenepa na njia ya damu huwa nyembamba. Kisha siku moja ile sehemu iliyovimba hupasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Ikiziba njia ya moyo, huwa ni mshtuko wa moyo. Ikiziba ya ubongo, huwa ni kiharusi. Ikiziba ya mguu, kidonda kidogo cha kidole hukataa kupona kwa kukosa damu. Mishipa midogo nayo ina balaa lake, kwani ndiyo inayolisha macho, figo na neva za miguu. Yote haya hutokea kimya kimya, bila maumivu, na mgonjwa hupata habari wakati madhara yamekwishakuwa makubwa.

Vitamini inayotengenezwa na ngozi

Vitamini nyingine tunazipata kwa kula. Vitamini D ina tabia ya pekee, kwani sehemu kubwa yake mwili hujitengenezea wenyewe. Aina fulani ya mionzi ya jua inapoipiga ngozi, ngozi huiunda. Kutoka hapo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye figo na kubadilishwa mara ya pili. Baada ya hatua hizo ndipo huwa tayari kufanya kazi. Jina lake lilitolewa mwaka 1922 na mwanakemia wa Marekani, Elmer McCollum, alipokuwa akichunguza kitu kilichomo katika mafuta ya ini la samaki chenye uwezo wa kuponya matege.

Kazi yake iliyothibiti ni kuusaidia mwili kufyonza kalsiamu kutoka katika chakula, ili mifupa iwe migumu. Mtoto aliyeikosa hupata matege, na mtu mzima aliyeikosa sana hulegea mifupa na misuli, akawa anaumwa mwili mzima na kuanguka kwa urahisi. Lakini baadaye wataalamu waligundua kwamba chembe nyingi za mwili, zikiwamo zile chembe nyeupe za damu, zina mahali maalumu pa kuipokea vitamini hii. Wakajiuliza ina shughuli gani huko.

Kikundi kimoja kilicholifuatilia swali hilo kwa wenye kisukari ni cha Dkt. Carlos Bernal-Mizrachi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani. Mwaka 2009 walichapisha majibu ya uchunguzi wa maabara. Walichukua chembe nyeupe za damu za watu wenye kisukari na kuzilea katika vyombo, nyingine zikiwa na vitamini D ya kutosha na nyingine zikiwa hazinayo. Zile zilizopata vitamini zilikula kolesteroli kidogo, na chache zikageuka kuwa chembe za povu. Mwaka 2012 walirejea na habari nyingine. Waliwachunguza watu 43 wenye kisukari cha aina ya pili na wengine 25 wasio na kisukari, waliolingana nao umri, jinsia na uzito. Wakaona kwamba chembe nyeupe za wale wenye vitamini D kidogo zilikuwa nyepesi zaidi kunata kwenye kuta za mishipa.

Tafiti nyingine nyingi nazo zimeonesha kwamba watu wenye kisukari ambao damu yao ina vitamini D kidogo hupatwa zaidi na maradhi ya moyo na mishipa. Habari hizi zilipotoka maabara zikafika sokoni, zilibadilika sura. Maneno ya wataalamu kwamba huenda kuna uhusiano yakawa, katika vinywa vya wauzaji, tangazo la dawa.

Mkongojo hauui

Hapa inatupasa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuona vitu viwili vikienda pamoja si kuthibitisha kwamba kimoja ndicho kilichosababisha kingine. Ukiwahesabu watu wanaotembelea mkongojo, utakuta kwamba wanakufa kwa wingi kuliko wasioutumia. Je, mkongojo unaua? La. Uzee na maradhi ndivyo vilivyomshikisha mtu mkongojo, na ndivyo vinavyomwondoa duniani. Ukimnyang'anya mkongojo wake, hutamwongezea hata siku moja.

Vivyo hivyo kwa vitamini D. Mgonjwa sana hashindi nje, kwa hiyo hapati jua. Mtu mnene huwa na vitamini D kidogo katika damu kwa kuwa nyingine hubaki katika mafuta ya mwili. Mtu asiyefanya mazoezi hukaa ndani. Watu wote hawa tayari wako katika hatari ya maradhi ya moyo kwa sababu nyingine. Basi njia ya kuujua ukweli ni moja tu: kuwapa watu wengi vitamini hiyo, kuwapa wengine wengi vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na kitu, kuwagawa kwa kura ili pasiwe na upendeleo, kisha kusubiri miaka na kuhesabu.

Kazi hiyo imefanywa. Kubwa iliyojulikana zaidi ni ile iliyoitwa VITAL, iliyoongozwa na Profesa JoAnn Manson mjini Boston, Marekani, na majibu yake yakatangazwa Novemba 2018. Walishiriki watu 25,871, wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 55 na zaidi, wakiwamo wenye kisukari. Nusu walimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa muda wa miaka mitano na kidogo. Mwisho wa hesabu, waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kitokanacho na maradhi hayo walikuwa 396 katika kundi la vitamini, na 409 katika kundi la vidonge vitupu. Katika umati wa watu elfu kumi na mbili na ushei kila upande, tofauti hiyo haina maana yoyote.

New Zealand nao walijaribu kwa watu zaidi ya 5,000, wakiwapa dozi kubwa mara moja kwa mwezi, na majibu yaliyotoka mwaka 2017 yalikuwa hayo hayo. Australia walijaribu kwa wazee zaidi ya 21,000. Katika majibu yao ya mwaka 2023 ilionekana tofauti ndogo, kiasi cha watu 6 katika kila 1,000, na watafiti hawakuweza kuondoa uwezekano kwamba ni sadfa tu.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba washiriki wengi wa VITAL hawakuwa na upungufu wa vitamini D tangu mwanzo. Kumjazia maji mtu ambaye mtungi wake umejaa hakumzidishii kitu. Kwa hiyo tafiti hizi hazisemi kwamba vitamini D haina maana. Zinasema kwamba kuimeza chupa kwa chupa, kwa mtu asiyepungukiwa, hakuzuii mshtuko wa moyo wala kiharusi. Mwenye upungufu atibiwe upungufu wake, kwa ajili ya mifupa na misuli yake kwanza, na manufaa mengine yakija ni kheri juu ya kheri.

Fedha ya dawa imekwenda wapi?

Bi mmoja wa makamo wa mtaani kwetu, mwenye kisukari na presha, alifika katika ofisi ya kamati kuomba nauli ya kwenda hospitali, kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamgonga siku ya tatu. Tulipomwuliza dawa zake ziko wapi, alitoa mkobani chupa mbili za vitamini D.

"Mwanangu Katibu," alisema, "hizi ndizo dawa zangu sasa. Za presha nimezipumzisha. Aliyeniuzia kaniambia haziendi pamoja, na hizi zinasafisha mishipa kabisa."

"Na hii fedha ya chupa, Bi Mkubwa, umeipata wapi?"

"Ndiyo ileile ya dawa, mwanangu. Ningetoa wapi nyingine?"

Muuguzi wa kituo cha afya alipompima, presha ilikuwa 190 kwa 110. Alhamdulillahi, alirejeshwa kwenye dawa zake kabla halijatokea kubwa zaidi. Lakini maneno yake yalituumiza, kwa kuwa hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa mtu anayeitaka afya yake, akatoa kila alichonacho, akakiweka pasipo mahali pake.

Wengine hudhani kwamba vitamini, hata isiponufaisha, haidhuru. Hilo nalo si sahihi. Mtu mzima huhitaji yuniti 600 kwa siku, na aliyevuka miaka 70 huhitaji 800. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hapaswi kukipita kila siku bila usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000. Sokoni kuna vidonge vya yuniti 50,000, ambavyo daktari humwandikia mwenye upungufu mkubwa ameze kimoja kwa wiki, kwa muda maalumu. Mtu akivimeza kila siku, kalsiamu hupanda katika damu. Atapata kichefuchefu, kukosa choo, kuchanganyikiwa, na hata mawe ya figo. Ataona pia kiu kali na kukojoa sana, dalili ambazo yeye na jamaa zake watazidhania kuwa ni sukari imepanda. Na mwenye kisukari ambaye figo zimekwisha kuguswa asijitibu kwa vitamini hii hata kidogo, kwani kama tulivyoeleza, figo ndizo zinazoikamilisha. Daktari wake ndiye atakayejua ampe aina gani na kiasi gani.

Kinachoilinda mishipa kweli

Kama chupa ile haitoshi, basi nini kinatosha? Jibu lilipatikana Denmark, katika kituo cha kisukari cha Steno. Kuanzia mwaka 1993 madaktari waliwachukua watu 160 wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikwisha kuonesha dalili za kuathirika. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya wakati ule. Nusu nyingine walibanwa katika kila upande kwa pamoja: sukari, shinikizo la damu, kolesteroli, chakula, mazoezi, kuacha sigara, na dawa za kuzuia damu kuganda. Baada ya takriban miaka minane, maradhi ya moyo na mishipa yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha nusu katika kundi hilo la pili. Walipofuatiliwa hadi kufikia miaka 21, ilionekana kwamba kwa wastani kundi hilo liliishi karibu miaka minane zaidi.

Miaka minane ni mtoto wa darasa la kwanza kumaliza shule ya msingi akiwa na baba yake. Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu (S.W.), lakini Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na sababu hizi ndizo zilizo mbele yetu. Wala hazihitaji utajiri. Metformini na dawa za kawaida za presha ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kuliko nyingine. Kutembea kwa miguu hakuuzwi. Kuacha sigara kunaleta fedha nyumbani badala ya kuitoa.

Basi mwenye kisukari, au mtoto wake anayemsindikiza kliniki, aulize mambo manne kila anapokwenda. Presha yangu ni ngapi? Kwa wengi hutakiwa isizidi 130 kwa 80. Wastani wa sukari yangu wa miezi mitatu ni ngapi? Kwa wengi hutakiwa iwe chini ya asilimia 7, ingawa wazee sana huwekewa kiwango cha juu kidogo. Je, nahitaji dawa ya kolesteroli? Na mkojo wangu umepimwa lini kwa ajili ya figo? Anayejua majibu ya maswali haya manne ameilinda mishipa yake kuliko mwenye kabati zima la chupa.

Jua, kivuli na ua wa nyumba

Baada ya kusema hayo, tusiidharau neema ya jua, ambalo Mwenyezi Mungu ameliapia katika Sura ya 91 na kuipa sura hiyo jina lake. Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walichapisha vipimo vya damu walivyovichukua hapa Tanzania, kwa Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu wanaoshinda nje kwa ufugaji na uwindaji. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa 115 katika kipimo ambacho chini ya 50 huhesabiwa kuwa haitoshi. Hawakuwa wakimeza kidonge chochote cha vitamini. Wana ngozi nyeusi kama sisi na jua lao ni hili hili letu. Tofauti ni kwamba wao wanakutana nalo, na sisi tunalikimbia.

Wanaopungukiwa katika miji yetu ni wa namna nyingi. Yuko mama anayeishi ghorofani na anayejisitiri kama dini ilivyomwelekeza anapotoka. Yuko mfanyakazi anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda ofisini na kurudi Magharibi. Yuko dereva anayedhani anapigwa na jua, ilhali kioo cha gari huzuia mionzi ile inayounda vitamini. Na wako wazee na wagonjwa waliofungiwa chumbani kwa mapenzi ya watoto wao. Stara si adui wa afya. Bibi zetu walijisitiri, na walikuwa na ua. Ndani ya kuta za ua walipepeta mchele, walikuna nazi, walifua na kusukana nywele, mikono na miguu ikiwa wazi mbele ya mahaarimu na wanawake wenzao, jua likiwapiga. Nyumba zetu za sasa zimeuondoa ua, na kwa kuuondoa zimeliondoa jua.

Kuna kosa jingine la kurekebisha. Wengi husifia jua la saa moja asubuhi. Jua hilo ni zuri kwa macho, lakini mionzi yake huja kwa mshazari na ile inayounda vitamini D hufika kidogo sana. Kanuni nyepesi ni hii: tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, hupati kitu cha maana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inafanya kazi. Muislamu hafundishwi kupima kivuli, kwani ndicho kilichompa wakati wa Alasiri tangu zamani. Kwetu, wakati huo ni tangu saa tatu na nusu au saa nne asubuhi hadi alasiri. Wataalamu hutaja kati ya dakika 5 na 30, angalau mara mbili kwa wiki, uso, mikono na miguu vikiwa wazi. Na mwenye ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi ya mweupe. Hakuna haja ya kuungua, wala mtu hapati sumu ya vitamini D kwa jua, kwa kuwa ngozi yenyewe hujiwekea mpaka. Ndugu zetu wenye ualbino wao wasifuate ushauri huu. Ngozi yao ni ya kukingwa, na vitamini yao waipate kwa chakula na kwa ushauri wa daktari.

Chakula nacho husaidia, ingawa si kwa wingi. Vibua, jodari na sadini wa kopo wana vitamini D kuliko vyakula vingi. Kiini cha yai na maini vina kidogo. Mwenye kisukari anayekula vibua wa kuchoma badala ya nyama ya mafuta amepata faida mbili kwa mkupuo mmoja.

Nani apimwe damu? Si kila mtu. Kipimo cha vitamini D kina gharama na hakipo katika kila kituo. Lakini mzee asiyetoka ndani, mwenye maumivu ya mifupa na misuli yasiyoelezeka, anayeanguka ovyo, au mwenye maradhi ya figo, azungumze na daktari wake.

Miguu inayooshwa mara tano

Tumalizie kwa mishipa ya mguu, kwani ndiko familia nyingi huanza kulia. Muislamu ana jambo ambalo madaktari wa kisukari huwaomba wagonjwa wao walifanye angalau mara moja kwa siku: kuitazama miguu. Yeye huiosha mara kadhaa kila siku kwa udhu. Kilichobaki ni kuosha akiwa anatazama. Apitishe kidole kati ya vidole vya miguu, atafute mchubuko, lengelenge, rangi iliyobadilika. Asiyeweza kuinama, mjukuu amtazamie. Baada ya kuosha, afute kati ya vidole kwa kitambaa kikavu, maana unyevunyevu huzaa fangasi, na fangasi hufungua mlango wa kidonda. Maji ya moto ayapime mtu mwingine, au ayapime kwa kiwiko, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hauoni moto.

Hapa kamati za misikiti nazo zina amana yao. Mzee wa kisukari akitoka kutawadha adhuhuri na kupita peku juu ya sakafu inayowaka, anaweza kupata malengelenge bila kuhisi. Kandambili safi kwenye bomba la udhu, mkeka juu ya njia yenye jua, na kiti cha kukalia wakati wa kuosha miguu ni vitu vya gharama ndogo. Muuguzi mmoja wa kujitolea mwenye mashine ya presha, mara moja kwa mwezi baada ya Ijumaa, ataokoa zaidi ya michango yetu yote ya mazishi na matibabu. Na meza ya chupa iliyoko nje ya geti, kamati iiulize inauza nini na inawaambia nini wazee wetu.

Nyumbani, familia ianze na jambo jepesi. Kesho kivuli kitakapokuwa kifupi, mtoeni mama kiti uani au kibarazani penye stara, mumpe dawa zake kwa wakati, na mmtazame miguu. Jua ni la bure. Fedha iliyobaki ikanunue dawa ya presha.

Wabillahi tawfiq.